Maji kwa Chupa ya Spiriti

Ninyi vijana wa kliniki, nimewaona mkitupa sindano kwa lile boksi la manjano. Mnatupa kama mtu anatupa ganda la ndizi. Sindano moja, mtu mmoja, boksi, halafu mnaita mwingine, na hamfikirii kitu. Sio vibaya. Lakini mjukuu wangu Wanjira, ambaye anasomea uuguzi, aliwaambia wenzake vile sisi tulikuwa tunachanja watu na wakamcheka, wakasema nyanya yake anaota. Kwa hivyo ninaandika. Niliishia darasa la tatu. Nitaandika vile ninaongea, na asiyependa arudi kwa vitabu vyake.

Mimi ni Kanyua. Nilizaliwa Mitunguu, kule chini kwenye joto na migomba, nikaolewa huku Kanja kwa Waembu. Katikati ya hayo yote nilifanya kazi ya kliniki miaka mingi. Sikuwa muuguzi. Kwa karatasi niliandikwa mhudumu, yaani mtu wa kufagia, kuchemsha, kupangusa na kutumwa. Mambo yakienda vizuri mhudumu haonekani. Yakiharibika, yeye ndiye anaitwa kwanza. Mjue hiyo mapema.

Nilipoanza, bomba la sindano lilikuwa la glasi na sindano yenyewe ya chuma, na ilikuwa inadunga watu mpaka inachoka. Tulichemsha kwa sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa. Kazi yangu ilikuwa kuangalia ncha. Macho hayawezi kuona ncha iliyojikunja, kwa hivyo unaivuta juu ya pamba kavu. Ikipita bila kushika, ni nzuri. Ikitoka na uzi wa pamba, ina ndoano, na hiyo ndoano itang'oa nyama ya mtu. Hiyo unaipeleka kwa jiwe la kunolea. Mzee mmoja wa Kanja aliniona nikinoa, akaniuliza, "Mama, unachinja leo?" Nikamwambia geuka, vua suruali. Hakuniuliza tena.

Aliyenifundisha haya ni Bwana Njeru, dresa wetu, mtu wa Embu. Dresa hakuwa daktari. Alifunga vidonda na kudunga sindano, lakini ukiwa na jipu mgongoni hutamuuliza vyeti. Alikuwa mtu mfupi, mwenye subira, na alikuwa anaongea na chupa za dawa kama mtu anaongea na ng'ombe. "Simama hapo, mama. Usianguke." Mimi sikuwa na subira, na bado sina, lakini yeye alinivumilia.

Halafu bunduki ikaja.

Tuliiita bunduki kwa sababu ilikuwa bunduki. Ilikuwa na mshikio na kifyatuo, na chupa ya dawa imepinduliwa juu yake. Chini kulikuwa na sanduku la chuma lenye pedali ya kukanyaga kwa mguu, na mpira mrefu kutoka kwa sanduku mpaka kwa bunduki. Unakanyaga, unaweka mdomo wake kwa bega la mtu, unafyatua, tsss, dawa imeingia. Hakuna sindano. Dawa yenyewe inatoka kwa nguvu mpaka inatoboa ngozi. Siku ya kwanza Bwana Njeru aliweka maji ndani badala ya dawa, akachukua ndizi mbichi, akaifyatulia. Maji yakaingia upande huu yakatokea upande ule. Wamama waliokuwa kwa laini wakapiga kelele, mmoja akabeba mtoto wake akaenda nyumbani. Tulimfuata mpaka shambani kwake.

Mimi niliipenda. Sitadanganya. Hakuna kuchemsha, hakuna kunoa, na watu mia wanaisha kabla uji haujapoa. Nilifikiri kuzeeka kwangu kutakuwa kwepesi.

Lakini ilikuwa na tabia zake. Ya kwanza, mtu akitikisika wakati wa kufyatua, dawa haitoboi, inapasua. Inachana ngozi kama wembe. Kwa hivyo mtu wa kushika mkono alikuwa muhimu, na mtu huyo alikuwa mimi. Nitawaambia siri, hata leo itawasaidia na watoto: usishike mkono, shika kiwiko, kutoka chini, kama unabeba yai. Ukimkaba mtu atavuta. Ukimbeba atatulia. Na muulize kitu ambacho lazima afikirie. Mimi niliuliza, "Ng'ombe wenu mweusi alizaa?" Hata asiye na ng'ombe anasimama kufikiria.

Tabia ya pili ilikuwa damu. Si kila mtu, lakini wengine walitoka tone, na tone likabaki kwa mdomo wa bunduki. Kwa hivyo kulikuwa na sheria, na Bwana Njeru aliniimbia hiyo sheria mpaka nikaiota: "Pamba mpya, spiriti, mtu mpya." Kila mtu na pamba yake. Unalowesha kwa spiriti ya kuua vijidudu, unapangusa mdomo wa bunduki, unatupa pamba, unachukua nyingine. Na akaongeza: "Spiriti ikiisha, Kanyua, useme. Tutasimama. Hata kama ni mkubwa gani anangoja, tutasimama."

Kumbukeni hiyo. Mimi nilikumbuka wakati haikunisaidia.

Kuna kitu kingine lazima niwaambie kabla sijafika kwa siku yenyewe, na mtaona kama kinatoka nje ya kazi lakini hakitoki. Mama yetu kule Mitunguu alikuwa na sheria ya jikoni. Mgeni hanyimwi chai. Akija mmoja, sufuria inatosha. Wakija sita na maziwa ni yale yale, unaongeza maji, unaongeza majani kidogo, unakoroga, unanyamaza. Kumwambia mgeni chai imeisha ni aibu ambayo msichana hataolewa nayo. Mimi na ndugu yangu Kirimi tulilelewa na hiyo chai. Yeye alikuwa ananifuata kwa kuzaliwa. Alikuwa anaonja, ananiangalia, anasema polepole, "Leo wageni ni wengi." Alikuwa anajua kila mara.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa miaka ya sabini. Vijana walikuwa wamechukuliwa jeshi, wamekusanywa kwa uwanja mmoja si mbali na Makutano pale Meru, na walikuwa wanatakiwa wachanjwe wote kabla hawajapanda malori kwenda mazoezi. Watu wa jeshi hawakuwa na wachanjaji wa kutosha, kwa hivyo tuliazimwa, mimi na Bwana Njeru na bunduki yetu. Kirimi alikuwa kati ya hao vijana. Mama alikuwa amelia wiki nzima, nusu kwa furaha.

Asubuhi ilikuwa raha. Makurutu wanavua mashati, wanatunisha vifua, wanaimba. Mmoja mwenye kifua kama mlango alimwambia Bwana Njeru, "Fyatua mara mbili, mzee, moja hainitoshi." Alifyatuliwa moja, akatembea hatua nne, akaanguka kama gunia. Sajini aliyekuwa anatusimamia akasema, "Haya, huyo ametangulia vitani." Tulicheka mpaka Bwana Njeru akaweka bunduki chini.

Mchana jua likawaka na mambo yakabadilika. Laini haikuwa inaisha. Spiriti kwa jua inaruka, na mimi nilikuwa nimeacha chupa wazi ili mkono wangu uende haraka. Hiyo ilikuwa kosa langu la kwanza. Nilipoangalia, chupa ilikuwa imebaki kidole kimoja, na chupa nyingine ilikuwa kliniki, kule Embu. Sajini alikuwa amekuja mara tatu. "Mama, malori yanawasha injini. Unapangusa bunduki ama unaibatiza?"

Nilifungua mdomo niseme. Bwana Njeru alikuwa ameinama, mguu wake kwa pedali, jasho linamwingia machoni. Nikaona kama nikisema spiriti imeisha, wataniuliza imeishaje, na nitasema niliacha chupa wazi. Na kulikuwa na watu kliniki ambao walisema kutoka mwanzo kwamba mwanamke wa darasa la tatu hawezi kazi hii. Nikafunga mdomo.

Na mkono wangu ukafanya kile ulifundishwa jikoni. Wageni wamezidi. Nikachukua jagi la maji ya kunywa nikajaza chupa ya spiriti. Ikageuka nyeupe kama maji ya kuosha mchele. Nikaitikisa. Nikaendelea kupangusa.

Sikufikiri ninaua mtu. Nataka mjue hivyo, si kwa sababu inanisaidia, ni kwa sababu ninyi pia siku moja mtafanya kitu kibaya na mkono wenu utakuwa unahisi kama unasaidia.

Walipita wengi. Halafu akaja kijana mmoja mwembamba aliyekuwa anatetemeka, na mimi nilikuwa nimechoka, nikamkaba mkono badala ya kubeba kiwiko. Akavuta. Bunduki ikampasua, damu ikatoka mpaka kwa kiwiko, na mdomo wa bunduki ukawa mwekundu. Nikapangusa. Pamba ikawa nyekundu. Nikachukua nyingine, nikapangusa tena, na niliiinua karibu na uso na haikuwa na harufu ya spiriti. Ilikuwa na harufu ya maji.

Aliyefuata alikuwa Kirimi.

Alikuwa ameona ile damu. Alisimama kando ya laini hatua moja, akaniuliza kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, "Kanyua, iko safi?"

Nyuma yake kulikuwa na jamaa mrefu wa kutoka Meru ya juu, kule kwenye baridi na majani chai. Akapiga kelele uwanja wote ukasikia: "Lo! Mtu wa Mitunguu anaogopa chuma hakina hata makali! Kwani huko kwenu mlitahiriwa kwa jani la mgomba?"

Wakacheka wote. Sajini alicheka. Sasa, kwetu dada hasimami mahali ndugu yake anatajiwa kisu cha tohara. Unainamisha kichwa, unaondoka, na kama huwezi kuondoka unajifanya kiziwi. Mimi sikuweza kuondoka. Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nataka tu hayo maneno yaishe, nikasema haraka haraka, macho yangu kwa nyasi:

"Iko safi."

Kirimi akarudi kwa laini, akanyoosha bega. Nilimbeba kiwiko vizuri kabisa. Hakutikisika hata kidogo. Tsss. Akanitolea macho yale ya kuonja chai, akaenda kwa lori.

Njiani tukirudi, Bwana Njeru aliinua ile chupa akaiangalia dhidi ya jua. Akanuka. Hakunigombeza. Alimwaga nje, akafunga kifuniko, akasema, "Ulikuwa na mdomo, Kanyua." Tulikuwa tumeondoka na malori yameondoka, na yeye pia hakurudi kuwaambia. Hilo alilibeba mwenyewe, sitamsemea.

Miaka ikapita. Kirimi alimaliza jeshi, akarudi Mitunguu, akaoa Ntinyari, akapanda ndizi, akachimba mfereji wa maji mpaka shambani. Watoto wanne. Mimi nilizaa wangu. Bunduki ikaondolewa kliniki. Siku moja Bwana Njeru, akiwa amestaafu na fimbo, alikuja hapa Kanja kuniambia sababu. Alikunywa uji akasema, "Ile bunduki wameisimamisha. Wanasema damu ilikuwa inarudi ndani ya mdomo, kule pamba haifiki. Unapangusa nje, na ndani iko. Hata jeshi za nchi kubwa zimeacha."

Nikamuuliza, "Hata na spiriti nzuri?"

"Hata na spiriti nzuri."

Nililala vizuri kwa hilo neno. Nililifanya mto wangu. Kila nikikumbuka jagi, nilisema, hata na spiriti nzuri.

Halafu Kirimi akaugua. Macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji, miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Hospitali wakasema ni ini, na kuna kijidudu ndani kilichoingia kwa damu zamani sana. Kwa njia gani hawakujua. Inaweza kuwa wembe wa kinyozi. Inaweza kuwa kile kisu cha tohara, kwa sababu siku hizo kisu kilikuwa kimoja kwa vijana wote. Inaweza kuwa alizaliwa nacho. Inaweza kuwa bunduki. Daktari alisema hivyo hivyo, inaweza kuwa, inaweza kuwa, na hakuna mtu duniani atakayejua. Mimi siwaambii ni bunduki. Ninawaambia tu kile ninajua.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa ameketi kwa kiti nje, blanketi magotini, saa nne ya asubuhi, na joto la Mitunguu. Tuliongea juu ya mama, tukacheka. Halafu akasema:

"Kanyua, ile siku ya Makutano. Ulikuwa unapangusa na nini?"

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza kama mtu anatafuta kisu kilichopotea nyumbani.

Nikasema, "Spiriti."

Akaniangalia. Yale macho ya chai. "Sawa," akasema. "Nilitaka tu kujua."

Alikaa miezi miwili. Tukamzika karibu na mfereji wake.

Ningeweza kuishia hapo, na mngesema maskini nyanya. Lakini Wanjira hakuniachia. Nilimwambia habari hii mwaka huu, nikipukuchua mahindi naye, na nilimwambia pia ule mto wangu: hata na spiriti nzuri. Akaacha kupukuchua.

"Ni kweli, Nyanya," akasema. "Spiriti haingetosha. Lakini wewe siku ile hukujua hivyo. Wewe ulifikiri spiriti ndiyo inamlinda, na ukaitoa."

Nikachukua gunzi lingine. Mtoto wa juzi.

"Na kitu kingine," akasema. "Huo ugonjwa unapita kwa mke na watoto. Kuna kupimwa. Kuna chanjo. Kirimi alikuuliza kwa sababu ya watu wake. Ungesema ukweli, angewatuma kupimwa wakati huo. Walipimwa?"

"Daktari aliwaambia," nikasema. "Lakini Ntinyari alisema ni ini ya pombe, mambo yameisha."

"Kirimi alikuwa anakunywa?"

Kirimi hakuwa anakunywa. Mtu wa kanisa, hata busaa hakuonja. Watu walisema ni pombe kwa sababu hawakuwa na jibu lingine, na mtu mmoja alikuwa na jibu lingine na alikuwa amekaa Kanja akipukuchua mahindi.

Kwa hivyo sikilizeni, ninyi. Chupa ikiisha, sema imeisha. Sema kwa sauti, hata mbele ya mwenye kofia. Kama wewe ndiye uliacha kifuniko wazi, sema ni wewe. Laini itasimama, watakutukana, malori yatazima injini. Lori linaweza kuwashwa tena. Na kama ulikosa kusema siku hiyo, sema siku inayofuata, na kama ulikosa hiyo, sema ukiwa mzee na magoti yako yanalia. Kukawia kunaua watu ambao hawakuwa hata kwa laini.

Nilikwenda Mitunguu na Wanjira. Ntinyari alikuwa jikoni akimenya ndizi. Wanjira alibaki nje kwa mlango, vile nilimwambia. Nilikaa kwa kigoda nikasema yote, kutoka kwa chupa wazi mpaka kwa jagi, mpaka kwa lile neno safi, mpaka kwa spiriti niliyomdanganya ndugu yangu akiwa na blanketi magotini. Sikulia. Sikuwa nimekwenda kulia kwa jikoni ya mtu.

Ntinyari hakuniangalia. Alimenya ndizi moja, akamenya nyingine. Nilihesabu saba. Halafu akamwita Wanjira aingie, akamuuliza, "Hiyo damu inapimwa wapi?" Wanjira akamwambia. Wakaongea wao wawili kama mimi siko.

Walikwenda wote wiki hiyo. Ntinyari hana. Watoto watatu hawana, wamechanjwa. Wa kwanza, Mwenda, anayo. Ana watoto wake wadogo. Anafuata kliniki, na wanasema wamemshika mapema kiasi. Nimeandika kiasi kwa sababu ndivyo walisema.

Lakini nilikuwa nawaambia juu ya siku ile jikoni. Nilipotaka kuinuka niende, Ntinyari alisema, "Kaa." Akaweka sufuria motoni, akamimina maziwa, akatia majani. Mimi nilikuwa ninangoja mkono wake uende kwa mtungi wa maji, kwa sababu tulikuwa wageni wawili na maziwa yalikuwa kikombe kimoja tu. Haukuenda. Akamimina yote kwa kikombe kimoja, mpaka juu, akakiweka mbele yangu. Wanjira hakupata. Yeye mwenyewe hakupata.

"Kunywa," akasema. "Hiyo sikuongeza maji."

Ilikuwa nzito, ina mafuta juu. Nilikunywa yote, na yeye alisimama hapo akiniangalia mpaka nikamaliza.